Magoti ya Shangazi Kwandu

Shangazi Kwandu, mwanamke mwenye mvi na wajukuu, alikuwa amepiga magoti ndani ya kiganja cha Zengo, fundi baiskeli wa Dutwa. Wanaume waliozunguka banda walinyoosha shingo kuitazama simu. Mle ndani shangazi aliinua ungo wa michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema, "Karibuni, wateja wetu."

"Maxi, njoo uone kazi yako!" Zengo aliita. "Hongera, mama masoko. Umemshusha bibi wa watu mpaka Dar es Salaam wamemwona."

Wakaangua kicheko. Maximiliana hakucheka. Video ile aliipiga yeye, na ukurasa wa akina mama wa Nkololo wanaokausha viazi vitamu aliuendesha yeye. Kwenye semina mjini Bariadi aliambiwa mteja ni mfalme, na picha isiyogusa moyo haiuzi. Akarudi kijijini, akamwonyesha dada wa baba yake mahali pa kupiga magoti. Oda zikamiminika.

Sasa, pale bandani, ndipo alipojiuliza: magoti yale yalipigwa mbele ya nani? Mfalme hakuwapo. Aliyekuwapo ni yeye na simu yake, binti aliyefunzwa tangu utotoni kushuka chini kila anapomwamkia shangazi huyu. Siku ile alisimama wima, tena akaagiza, "Chini kidogo, shangazi. Hapohapo."

Uso ukamwaka moto.

Nchi hii inayakumbuka magoti. Babu yake Maximiliana alichuchumaa mbele ya karani wa pamba, kofia mkononi, akiambiwa mzani umekataa alichobeba mgongoni. Wazee wale walichuchumaa huku wakisaga meno, wakaapa watoto wao watasimama. Watoto wakasimama kweli. Wakanunua simu, wakawarudisha wazee chini, safari hii kwa tabasamu, na jambo hilo wakaliita soko.

Maximiliana alipofika Nkololo, aliwakuta akina mama uani wakikata viazi. Akapiga magoti mbele ya shangazi, akaamkia, na hakuinuka.

"Ile video naifuta, shangazi."

"Si ndiyo inayouza?"

"Nilikupigisha magoti mbele yangu."

Kisu cha Kwandu hakikusita. "Nilijua."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Wenzangu walikuwa wanatazama, mwanangu. Ningekukatalia mbele yao, uso wako ungeupeleka wapi?"

Hapo Maximiliana alitamani angetukanwa. Tusi lina mwisho. Huruma ile ilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka. Akaifuta video hadharani.

"Oda zitapungua," alisema.

"Zipungue," alijibu Anyesi, mweka hazina wa kikundi, bila kuinua macho. "Tutauza tukiwa tumekaa kwenye viti."

Wakacheka wote, isipokuwa Maximiliana.

Viazi vilipokaribia kwisha, simu ikalia mkononi mwake. Mteja mkubwa wa Dodoma, yule aliyeahidi kuchukua mzigo wote wa msimu, alikuwa ameandika: *Yule bibi wa kupiga magoti mmempeleka wapi? Mrudisheni. Ndiye niliyewapendea.*

"Nani huyo?" Kwandu aliuliza.

"Mteja."

"Soma kwa sauti, tusikie sote."

Visu vikatulia. Nyuso zote zikamgeukia, zikiwa na matumaini. Mteja hakuwa ameandika salamu yoyote. Maximiliana akakohoa, akaanza kuwatungia salamu za mteja.