Virusi vya Wifi Vyagonga Mwamba

Maabara ile ilikuwa na mawifi wawili, na maneno yao yalisikika hadi getini kwa bawabu. Mkubwa alilea bakteria wa udongoni. Mdogo, aliyeolewa na kaka wa mkubwa, alifuga virusi vinavyowala bakteria, na kwa majigambo hakuwa na mpinzani.

"Wifi, leo nakufilisi," alisema mdogo, akidondosha virusi kwenye sahani za mwenzake. "Kesho utakuta utando wako wa bakteria umetoboka kama chujio."

Mkubwa alizifunika sahani zake. Mara ngapi amekuta vidoa vitupu pale walipokuwa bakteria wake, na kicheko cha wifi kikamsindikiza hadi nyumbani!

Asubuhi wakafunua sahani pamoja. Utando ulikuwa mzima, wa kijivu, umenona, hauna hata tundu la sindano.

"Umetia dawa!" wifi mdogo aling'aka.

"Nani, mimi? Labda wanao wameng'oka meno."

Wakatazamana, mpaka udadisi ukaushinda ugomvi. Virusi vile vile wakawatilia bakteria wa aina nyingine, dhaifu, vikawafagia wote. Basi havikuwa vibovu. Ndipo mkubwa akachukua maji walimokulia bakteria wake wa udongoni, akayachuja hadi asibaki bakteria hata mmoja, akawanyunyizia bakteria dhaifu wengine kabla ya kuwaachia virusi.

Kesho yake dhaifu wale walikuwa wanadunda.

"Kumbe dawa wanaitengeneza wenyewe," mkubwa alisema. "Tena wanaimwaga nje, hata jirani anaponea humo humo!"

Wifi mdogo alinuna, lakini kununa kwenyewe hakukufika mbali. Alicheka mpaka akashika meza. "Wagumu wa kufa hawa! Na mimi niliyekuwa nawaona mabwege!"

Jioni kaka alipomfuata mkewe, aliwakuta wamekumbatiana, mmoja anafuta machozi. Mawifi hawa, wakumbatiane?

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," dada yake alimjibu. "Ndiyo habari yenyewe!"

Mkewe hata mkoba hakuugusa. Alishavaa glavu, anapekua friji kutafuta virusi vyenye roho ngumu zaidi, na wifi mkubwa, kichwa juu, akamshikilia mlango wa friji.