Mawe ya Bi Mize

Apolonia alianza kuipenda nyumba ya Utende, kisiwani Mafia, asubuhi alipoamka akakuta upepo wa kusi umetulia. Yeye na mumewe Sospeter walifika mwishoni mwa masika, kila kitu kikiwa na unyevu, hata godoro. Sospeter alikuwa amehamishwa kutoka Singida kuja kuendesha gari la idara. Aliondoka alfajiri, akarudi jioni, na mkewe akabaki na madirisha yanayojigonga na chumvi inayoota juu ya kufuli.

Kisha demani ikaingia, majira ya bahari shwari. Mikorosho nyuma ya nyumba ilichanua, na harufu yake nyepesi ikawa inapita dirishani pamoja na ya bahari. Apolonia alianza kunywa chai barazani, miguu ameiweka juani. Maji yalipokupwa alivua kandambili, akashuka pwani na kutembea katika vidimbwi vya uvuguvugu, akiwatazama kaa wadogo wakikimbilia mashimoni. Hakuwa na kazi yoyote huko, na maishani mwake hakuwahi kuwa na mahali pa kwenda bila kazi.

Bi Mize, mama mtu mzima wa nyumba ya pili, alimletea mche wa mrehani na kitawi cha asumini.

"Panda hivi chini ya dirisha la chumba cha kulala," alimwambia. "Mumeo ataacha kuchelewa kurudi."

"Bi Mize! Mimi na umri huu?"

"Umri una nini, mwanangu? Pua hazizeeki."

Apolonia alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyohiyo akalima kitalu. Kuku wa mtaa walipoanza kukichakura, aliona kinahitaji mawe ya kuzungushia. Mawe yalikuwa pwani, mbali kidogo, mahali panapoonekana maji yakitoka sana: meusi, yamelainishwa na maji, yamelala makundi makundi juu ya tope kama kwamba mtu aliyakusanya akayasahau. Aliyabeba kwa ndoo, akichagua mazuri. Moja lilikuwa na tundu katikati. Hilo aliliweka mbele, karibu na asumini, na kila alipopita alilitazama akafurahi.

Maji ya bamvua yalikuja, yakajaa kupita kawaida. Yalipotoka, Apolonia alisikia sauti za wanawake pwani akashuka kuona kuna nini. Makumbi ya nazi yalikuwa yametapakaa ufukweni, mengine yakielea mbali. Bi Mize alikuwa amepiga magoti topeni, mkono umezama hadi kiwiko katika shimo tupu.

"Kuna nini?" Apolonia alimwuliza Arafa, jirani mwingine, aliyekuwa amesimama na kapu kichwani.

"Makumbi ya Bi Mize yamekwenda na maji. Tunayafukia topeni yaoze, mama, halafu tunayapiga, tupate usumba wa kusokotea kamba. Juu tunaweka mawe yasielee. Sasa mtu kachukua mawe."

Apolonia aliangalia chini. Maji yalikuwa yanapita kati ya vidole vyake vya miguu.

"Yalikuwa ya kitanda cha Shamsa," Arafa aliendelea. "Ni mjukuu wa Bi Mize, anaolewa baada ya Maulidi. Kwao, kamba za kitanda cha bibi harusi husokotwa na bibi yake. Alifukia tangu kabla ya masika."

"Madukani Kilindoni kamba za plastiki zimejaa," mwanamke mmoja alisema.

"Kalalie wewe," alijibu Bi Mize bila kuinua kichwa.

"Ni Mansuri huyo," mwingine alidakia. Mansuri alichoma chokaa upande wa pili wa kijiji. "Mchoma chokaa akiona jiwe haulizi lina mwenyewe. Iko siku atachoma hata ya makaburini."

Wakacheka kwa hasira. Mmoja akamgeukia Apolonia. "Umeona mambo, mama?"

Hapo ndipo angesema. Maneno yalikuwepo, mafupi tu. Lakini wanawake wote walikuwa wanamtazama, na mdomo wake ukasema, "Watu wengine hawana huruma."

Alirudi nyumbani, akakaa kitandani, hakulifungua dirisha la upande wa bustani. Sospeter aliporudi, alimweleza.

"Hukujua," Sospeter alisema. "Asiyejua hana kosa, mama."

"Nilikuwa sijui nilipoyachukua. Aliponiuliza yule mama, nilikuwa najua."

Sospeter akausogeza ugali wake kwa kidole.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Wanaume walipokwenda msikitini na pwani ikawa tupu, Apolonia aliyang'oa mawe akaanza kuyashusha kwa ndoo. Topeni alichanganyikiwa. Mashimo yalikuwa yamejaa mchanga, na hakujua jiwe lipi lilitoka wapi. Akawa anayaweka tu, akiyapanga, akiyapangua.

"Unazika nini, mwanangu?"

Bi Mize alikuwa nyuma yake, kanga ameikunja magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hilo lenye tundu nipe. La mama yangu hilo."

Apolonia alimpa kwa mikono miwili. Bi Mize alilifuta kwa ncha ya kanga.

"Jana nilipita dirishani kwako natafuta kuku wangu, nikaliona. Nikasema, huyu atakuja mwenyewe. Nikapika, nikala, hukuja. Nikasema, labda anamngoja mumewe. Nikalala. Leo asubuhi watoto wamemwimbia Mansuri mwizi njia nzima, anakwenda dukani kununua sukari."

"Nisamehe, bibi. Nilikuwa sijui."

"Mawe hukujua. Mansuri je?"

Uso wa Apolonia uliwaka kama wa mtu aliyeinamia jiko.

"Nitakusamehe," Bi Mize alisema, "lakini si leo. Leo nataka usumba. Makumbi mapya hayataoza kabla ya harusi. Kila nyumba hapa ina usumba kidogo uliobaki. Utaomba wewe, mimi nitashika kapu."

Walianza kwa Arafa. Apolonia alisalimia, akasema, "Makumbi ya Bi Mize yalikwenda na maji, kwa hiyo tunaomba..."

Bi Mize akakohoa.

Apolonia akaanza tena. "Mawe niliyachukua mimi, nikazungushia bustani. Tunaomba usumba wa kitanda cha Shamsa."

Arafa alimtazama, kisha akaangua kicheko. "Na jana ukatuambia watu hawana huruma! Ewe mama, umetuweza!" Akaingia ndani bado anacheka, akatoka na fungu la usumba, akalitia kapuni. Kicheko kile Apolonia alikisikia hadi nyumba ya tatu. Wengine hawakucheka. Mama mmoja alitoa usumba bila kumwangalia usoni, mwingine akasema hana, huku usumba umening'inia ukutani nyuma yake. Bi Mize alikohoa tu pale Apolonia alipoanza kuzungusha maneno.

Kapu lilipojaa, Apolonia alidhani wamemaliza. Bi Mize akashika njia ya kwenda upande wa pili wa kijiji.

"Mansuri ana usumba?"

"Mansuri ana chokaa," alijibu Bi Mize.

Walimkuta anachekecha, kope nyeupe. Apolonia alisimama mbele yake akasema yote, mpaka na ile kauli yake ya pwani. Mansuri alisikiliza, chekeche mkononi.

"Umeyasema haya kwa Arafa?"

"Nimeyasema."

"Basi hadi usiku Mafia nzima itakuwa inajua." Akapangusa uso. "Lakini rudia kidogo, kwa sauti. Mke wangu yuko ndani, hajasikia. Jana kanihoji mpaka nikaanza kujishuku."

Apolonia akarudia, kwa sauti, uani kwa mtu asiyemjua. Sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, "Tumesikia."

Tangu siku ile alikwenda kwa Bi Mize kila mchana. Alifundishwa kusokota, akakosea, akafumua, akasokota tena, mpaka viganja vikachubuka. Bi Mize alizungumza naye kuhusu kamba tu. Utani wa pua na mume haukurudi. Chini ya dirisha kuku walichakura kitalu kisicho na mawe. Mrehani ulikufa, asumini ikabaki na majani machache.

Siku ya kuwamba kitanda wanawake walijaa uani. Kamba za Bi Mize, nyembamba na zenye kulingana, zilipita kichwani na katikati. Mwishoni ikabaki ya Apolonia, nene hapa, nyembamba pale. Alikuwa ameiweka nyuma yake, akitumaini haitahitajika.

"Lete," Bi Mize alisema.

Akaivuta, akaipima kwa uzito wake wote, akaipitisha upande wa miguuni.

"Bibi, ikikatika?" Shamsa aliuliza.

"Itaanguka miguu tu. Wewe utakuwa umelala."

Wanawake wakacheka, Arafa kupita wote. Apolonia naye alijaribu kucheka, macho yake yakiwa kwenye kamba ile. Kila mtu pale alijua ni ya nani. Bi Mize alikuwa amekwishaigeukia ncha ya kamba hiyo, akilikaza fundo kwa meno.