Wapangaji wa Kijiti

Kijiti alikuwa amekaa kwenye kibao cha jikoni akijikwangua tope la mfereji miguuni wakati wapangaji wake walipotoka kwenye kidole gumba cha mguu wake, wakajipanga kwa adabu ukingoni mwa beseni na kumwomba radhi kwa usumbufu. Walikuwa mke na mume, wembamba kama uzi. Mume alikuwa amembeba mkewe kifuani, kama minyoo ya kichocho ifanyavyo maisha yake yote. Kijiti akawasogezea taa wasije wakakanyagwa.

"Mama mwenye nyumba," mume akasema, "sisi tunahama."

Kijiti aliitwa hivyo kwa wembamba wake. Kazi yake ilikuwa kung'oa magugu kwenye mfereji wa shamba la kampuni, maji yakimfika kiunoni kutwa nzima. Kampuni iliwaahidi wafanyakazi viatu virefu vya mpira, na viatu vilikuja kweli. Wakubwa walivivaa siku ya kupiga picha, na picha zilitoka nzuri sana.

"Kwani nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, wewe ni mtu wa watu. Ila sisi hatujui kujitengenezea mafuta, tunakula yanayopita kwenye damu ya mwenyeji. Kwako hayapiti. Mke wangu hajataga yai la maana tangu tuingie." Mke akatikisa kichwa kwa uchungu. "Tunahamia kwa binti yako. Jamaa zetu wako huko na wanapasifia. Damu yake inasomba mafuta bila kupumzika."

Kijiti aliacha kujikwangua. Binti yake alikuwa amelala chumba cha pili, na kwa muda sasa alikuwa akikojoa damu. Zahanati ya kampuni ilimwambia dawa zimekwisha, ikampa ushauri: mtoto anywe maji mengi. Minyoo kuongea hakukumshtua Kijiti. Kilichomkata maini ni kwamba wangeongezeka mle ndani ya mwanawe.

"Msihame," akasema. "Nitakula."

Akala kweli. Alikunywa mafuta ya kupikia kwa kikombe, akatafuna ngozi za kuku, akalamba sufuria hadi majirani wakaanza kunong'ona kwamba mwenzao kapata. Wapangaji walimvumilia wiki nzima, halafu wakatoka tena wamenuna.

"Mama, mafuta tumeyaona. Yamekaa tu kama mizigo iliyotelekezwa stendi. Damu yako haina wapagazi, na hao wachache waliopo ni wavivu."

"Ni ya kurithi," Kijiti akajibu kwa aibu. "Hata baba alikuwa hivyohivyo." Akafikiri kidogo. "Basi nendeni kwa Meneja. Yule kila daktari anamwonya mafuta ya lehemu yamejaa kwenye damu. Mtapokewa kifalme. Na jamaa zenu walioko kwa binti yangu wachukueni, tafadhali, msiache hata mmoja."

Waliondoka alfajiri, jozi moja baada ya nyingine, wakavuka barabara hadi kwenye geti la Meneja. Mlinzi aliwauliza wanakwenda kwa nani, wakamwambia, akawafungulia. Kijiti alikuwa amefanya kazi shambani pale tangu ujana wake na hakuwahi kufunguliwa geti hilo. Wakaingia kwenye bwawa la kuogelea, wakamsubiri mwenyeji wao.

Mkojo wa binti ukawa safi. Akaanza kuimba akiosha vyombo, akaomba aongezewe chakula, na Kijiti akawa anakaa tu kumwangalia akila. Alifurahi hadi akaogopa.

Meneja naye akakojoa damu siku moja, asubuhi. Kufikia saa sita mchana kabati la zahanati lilikuwa wazi. Kijiti alikuwepo, maana alikuwa amekuja kuomba vidonge vya akiba, asije akashtukizwa tena. Aliona maboksi yamepangwa hadi juu.

"Si mlisema zimekwisha?"

"Zilizokwisha ni za wafanyakazi," tabibu akamwelewesha. Alikuwa mtu mpole, mwenye subira na wasiojua mambo. "Hizi ni za dharura."

"Na mwanangu?"

"Mwanao hali yake ni ya kawaida. Ninyi si mmeshazoea?"

Akafunga kabati, akatia ufunguo mfukoni. Meneja alipona, akawakusanya wafanyakazi kandokando ya mfereji na kuwatangazia kwamba kichocho kimetokomezwa shambani. Wakapiga makofi wakiwa majini. Bwawa lake likawekewa chujio.

Jioni moja Kijiti alikuwa kwenye kibao chake, anakwangua tope, hodi ikasikika chini ya mlango. Walikuwa wale wawili, na nyuma yao jamaa wachache walionusurika, wamechoka hoi.

"Karibuni. Vipi, hamkushiba?"

"Kushiba tulishiba, mama. Mke wangu alianza hata kunenepa. Lakini kule kuna dawa." Mume akaangaza macho jikoni, akashusha pumzi. "Hapa hakuna."

Kijiti akanyoosha mguu wake, akauweka mbele yao. "Basi ingieni kwangu. Wote."

"Kwako tutakufa njaa, mama. Usituone wabaya."

Wakamtakia usiku mwema, wakauzunguka mguu na kuingia chumba cha pili. Kijiti alimsikia binti yake akijigeuza usingizini, akisogea ukutani kuwapisha. Akamaliza kukwangua mguu uliobaki. Kisha akajaza jagi maji, akaenda kuliweka karibu na kitanda cha mwanawe, kama zahanati ilivyoshauri, maana ushauri haukuwahi kuwaishia.