Vigae vya Uani

Muuguzi aliyekuwa akija kumnyoosha baba viungo alitupa kazi moja tu: tumpatie mahali pakavu na pagumu pa kukanyaga kila asubuhi. "Mkimwacha humu ndani, miguu itasahau kazi," alisema. Mbele ya nyumba kulikuwa na ngazi tano zinazoshukia barabarani moja kwa moja. Nyuma kulikuwa na ua, na ua wenyewe ulikuwa tope tupu.

Baba alikuwa fundi mwashi kwa miaka thelathini. Alisakafia nyua za watu mji mzima, wa kwake akauahirisha kila mwaka. Kiharusi kilimchukua mkono wa kulia, mguu wa kulia na maneno yote, kikamwachia mkono wa kushoto na macho.

Akiba ya mama ilitosha mifuko miwili ya saruji. Mchanga tuliuzoa kwenye mtaro. Vigae vilivyovunjika nilitumwa mimi kuviomba dukani, nami nilisimama mlangoni mpaka mwenye duka akachungulia.

"Binti, unanunua au unanilindia duka?"

Nilimweleza shida yetu huku nikitazama viatu vyangu. Akanionyesha lundo nyuma ya duka, akasema nichukue nitakavyo. Nilirudi mara sita na mkokoteni wa kuazima: vyeupe, vya bluu, vya maua, kimoja hakifanani na kingine.

Msimamizi alikuwa baba mdogo, ambaye maisha yake yote ameuza viatu sokoni. Tulimbatiza Injinia.

"Injinia wa wapi," mama alisema. "Kitanda chako mwenyewe kimeegemea matofali."

"Shemeji, yale matofali niliyapanga kitaalamu." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe msomi, shika ndoo. Cheti hakichanganyi zege."

Kitanda cha baba kilikuwa dirishani, akatuona tangu jembe la kwanza. Siku ya pili alianza kugonga kioo. Tulipoinua macho, aliulaza mkono wa kushoto hewani, kiganja chini, kisha akauinamisha upande mmoja, taratibu. Akarudia. Akarudia tena.

"Anatupungia," baba mdogo alisema. "Kaka ameikubali kazi."

Tukampungia sote watatu. Mama, ambaye hakuwa amecheka tangu hospitali, alicheka, akajifuta macho kwa mkono wenye saruji.

Nilipoingia kumpa maji ya kunywa, baba alinishika mkono akaonyesha chini ya kitanda. Chini ya kitanda ndipo lilipokaa kopo lake la haja. Nikalivuta. Akalisukuma. Akaonyesha tena chini, akipiga ubao wa kitanda, nami nikamsogezea tena, akalisukuma mpaka likaanguka. Nilidhani anaona aibu kushikiwa na binti yake. Mimi pia niliona aibu, nikatoka kumwita mama. Mama naye akamletea kopo.

Siku ya tatu alijaribu tena. Siku ya nne hakugonga kitu. Alitutazama tu.

Alhamisi tulimaliza. Niliosha vigae kimoja kimoja na ua ukang'aa mpaka jirani akapanda kwenye ndoo kuchungulia juu ya ukuta. "Sasa hapa mtatutoza kiingilio," alisema. Tukaweka kiti cha baba mwisho wa ua, penye jua. Baba mdogo akaagiza asikanyage mtu, saruji ikauke, Jumamosi ndiyo tumtoe. Mama alimpigia baba pasi shati lake la mikono mirefu akalitundika nyuma ya mlango.

Ijumaa mchana mvua ilinyesha.

Mwanzoni tulisimama mlango wa jikoni kutazama rangi zinavyopendeza zikilowa. Zamani maji yalikuwa yakizama topeni. Sasa hayakuwa na pa kuzama. Yalikusanyika, yakaanza kuja kwetu, kimya, utando mwembamba unaobeba majani. Yakapanda kizingiti. Yakapita jikoni, yakashika ujia, yakaingia chumba cha baba, ambacho ndicho cha chini kuliko vyote.

Mama alikimbilia matambara. Mimi nilipiga magoti kuokoa vilivyokuwa chini ya kitanda. Nikatoa viatu vyake. Nikatoa kopo. Nyuma ya kopo, mvunguni kabisa, kulikuwa na gunia lililofungwa kwa kamba. Nililifungua: mwiko, mpira wa uzi, na pimamaji yake ya mbao, yenye kiputo ndani ya kioo.

Niliinua uso. Baba alikuwa akitazama dari.

Mvua ilipokatika niliilaza pimamaji juu ya vigae. Kiputo kilikimbilia upande wa ukuta wa jirani, kikagota huko: huko ndiko juu, kwetu ndiko chini. Baba mdogo akaigeuza, akailaza mahali pengine. Kiputo kikaenda kulekule.

"Hakuwa akitupungia," nilisema. "Alikuwa anatuonyesha mwinamo. Maji yalitakiwa yaende kule."

Baba mdogo alichuchumaa, mikono kichwani. "Tutavunja. Tutapanga upya."

"Kwa saruji ipi?" mama aliuliza. Hakuwa na hasira. Akaenda kukamua matambara.

Tulimhamishia baba sebuleni, nyuma ya kochi. Mlango wa jikoni tuliuziba kwa magunia ya mchanga, maana mvua ziliendelea, na tangu hapo haufunguki. Kiti kimebaki huko nje.

Jumatatu muuguzi alikuja. Alimkamata baba kwapani ili amsimamishe, baba akajilegeza mwili wote.

"Mzee, wiki iliyopita ulikuwa unanisaidia," muuguzi alisema.

Alijaribu mara tatu. Halafu akaandika kitu daftarini, akamwambia mama mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba atakuwa akija mara moja kwa mwezi.

Alipoondoka nilikaa kitandani na pimamaji mapajani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi. Niliiweka chini ya mkono wake wa kushoto.

"Baba," nilisema, "nimeiona."

Vidole vyake viliipapasa, vikafika kwenye kioo, vikatulia hapo. Kisha akaisukuma pembeni, polepole, kama alivyolisukuma lile kopo, akageuzia uso ukutani.

Niliirudisha kwenye gunia. Gunia lilikuwa bado bichi.