Kiatu cha Kushoto cha Mkaguzi

Siku moja kabla mkaguzi hajafika, Mwalimu Mkuu Drabo alikwenda mpaka jikoni mwa shule, akasimama mlangoni akipunga moshi kwa kofia yake.

"Mama Pelagia, nina ombi moja tu."

"Chumvi ipo, kuni zipo, na kanga wawili nimeshawafunga miguu," akajibu Mama Pelagia bila kugeuka. "Sema lingine."

"Mkaguzi mwenyewe anaitwa Tapsoba."

Mwiko ukasimama ndani ya chungu. Tapsoba! Mmosi huyo, hakuna cha kuuliza. Na yeye, Pelagia Toe, mjane wa miaka sitini na miwili, alikuwa Msamo halisi, na tangu utoto wake hakuwahi kumwacha Mmosi apite mbele yake bila kumuuliza ametoroka kwa bwana gani. Ndio utani wa makabila yao. Msamo humwita Mmosi mtumwa wake, Mmosi humwita Msamo mla mbwa, wanatupiana maneno hata msibani, na mwenye kukasirika ndiye anayebeba aibu.

"Unaona? Umeshaanza kucheka," alisema Mkuu. "Ndicho nilichokuja kukuomba. Kesho utani uwe likizoni. Yule ni mtu wa serikali, Mama. Akiandika vibaya, mimi ndiye nitakayeambiwa nimeshindwa kazi."

Mama Pelagia alifikiri. Ahadi kwake ilikuwa kitu kizito, kwa kuwa kila Jumamosi alikwenda kuungama, na hakupenda kumchosha padri.

"Nitajizuia mpaka amalize kula na kunawa mikono," alisema. "Zaidi ya hapo siahidi."

Mkuu alisikia neno "nitajizuia" peke yake. Akaenda zake kusimamia watoto waliokuwa wakipaka chokaa mawe ya njiani.

Kila mwaka ilikuwa hivyohivyo pale shule ya sekondari ya Daraba. Akisikika mkaguzi, mawe yanapakwa chokaa, madawati mazima yanahamishiwa darasa la mbele, na yaliyovunjika yanafichwa nyuma ya choo. Mkaguzi anakula, anasifu, anaondoka. Na mwalimu wa hesabu haji. Wa mwisho alikaa siku kumi na moja. Usiku wa kumi na mbili mvua ilimnyea kitandani, asubuhi akaomba ruhusa kwenda kununua mwavuli mjini, na mpaka leo, miaka miwili, bado anachagua mwavuli.

Mama Pelagia angeweza kuyacheka hayo kama wengine, kama si kwa ajili ya Leokadi. Mjukuu wake huyo alikuwa darasa la mwisho, mtihani ulikuwa mwezi wa sita, na huo ulikuwa mwezi wa pili. Leokadi alitaka uuguzi tangu alipokuwa akiwafunga vitambaa kuku waliovunjika miguu. Alifaulu kila somo. Lakini chuo cha uuguzi hakimtaki mtu mwenye sifuri ya hesabu, na mwaka uliopita, kati ya watahiniwa arobaini na mmoja wa Daraba, walipita sita. Kwa hiyo katika rozari ya Mama Pelagia, fungu la tatu lilikuwa la hesabu.

Mkaguzi alifika kwa pikipiki saa tatu asubuhi, mtu mnene wa upole, viatu vyeusi vinang'aa chini ya vumbi. Mama Pelagia alimpelekea maji ya kunywa kwenye kibuyu, akamsalimia kwa adabu, macho chini, midomo ameibana kama mtu mwenye pini mdomoni. Kisha akapata kazi ya kufagia karibu na dirisha la darasa.

Ndani, ubaoni, alisimama Bwana Zerbo, mwalimu wa michezo. Alikuwa amevaa shati la Mkuu, lililomfikia juu ya kitovu akiinua mkono. Kwa wiki mbili darasa zima lilikuwa limekariri hesabu moja: mara tatu ya namba fulani, ukijumlisha sita, unapata ishirini na moja. Namba hiyo ni ipi?

"Tano!" darasa likaitika, mpaka njiwa wakaruka darini.

"Vizuri sana," alisema mkaguzi. Akainuka, akachukua chaki, akafuta ile sita na kuandika tisa. "Na sasa?"

"Tano!" likaitika darasa, kwa nguvu zaidi.

Bwana Zerbo alimtazama Mkuu, Mkuu akatazama dari. Ndipo Zerbo, kwa mazoea ya miaka, akapuliza filimbi, na watoto wote wakatoka mbio uwanjani wakajipanga mistari. Alibaki Leokadi peke yake, akiitazama ile tisa kama mtu aliyekuta mgeni amekaa kwenye kiti chake.

Mama Pelagia aliacha kufagia. Alhamdulillahi angesema jirani yake. Yeye alisema asante Yesu. Safari hii wamekamatwa. Safari hii mkaguzi ameona kwa macho yake.

Akarudi kupika kwa moyo mweupe. Kanga wakaiva, wakapakuliwa na ugali wa mtama na mchuzi wa bamia, mkaguzi akala mkekani kibarazani, viatu amevivua kando. Alikula mpaka akafungua kifungo. Kisha akatoa daftari lake, akaandika, akajilaza kidogo.

Leokadi alipotoka kukusanya vyombo, alirudi na uso umeshuka.

"Bibi, nimesoma alichoandika. 'Hesabu: ufundishaji unaridhisha. Hakuna upungufu.'"

"Hakuna nini?"

"Upungufu, Bibi. Hatupungukiwi kitu."

Mama Pelagia aliweka chini sahani aliyokuwa akiifuta.

"Ameshanawa mikono?"

"Ameshanawa."

Akapiga ishara ya msalaba. "Bwana, unaona mwenyewe," alinong'ona. "Huu si wizi. Huu ni utani."

Mkaguzi alipoamka alikuta kiatu kimoja, cha kulia. Alitazama chini ya mkeka, chini ya benchi, akamtazama na mbuzi wa jirani kwa mashaka. Hatimaye akafika jikoni kwa kuchechemea. Mama Pelagia alikuwa ameketi juu ya kifuniko cha chungu kikubwa kuliko vyote, amekunja mikono.

"Mama, hujaona kiatu changu?"

"Kinachemka."

Mkaguzi akaganda.

"Tangu lini mtumwa akavaa viatu mbele ya bwana wake?" aliuliza Mama Pelagia. "Tapsoba wewe, baba yako alitoroka hapa na jembe letu, na leo unakuja kula kanga wangu na kuandika uongo?"

"Mama! Mama Pelagia!" Mkuu alifika akihema. "Uliniahidi!"

"Mpaka anawe. Amenawa."

Uso wa mkaguzi ulipita rangi mbili tatu. Lakini Mmosi hamkasirikii Msamo mbele za watu. Akaangua kicheko mpaka akashika mlango.

"Mla mbwa mkubwa wewe! Nilijua, nilipoona umeinamisha macho vile, nikasema, huyu amefungwa kamba na mkuu wake. Haya, niambie fidia. Kokwa za kola za kutafuna? Sukari?"

"Mwalimu wa hesabu."

Kicheko kikapungua.

"Mama," alisema mkaguzi taratibu, "nimeona hali ilivyo. Lakini mtu amenikaribisha, nimekula kwake. Nimwandikie aibu?"

"Na mimi nilificha ili nisiaibike," alisema Mkuu, macho chini.

"Basi nyinyi wawili mnasitiriana vizuri sana," alisema Mama Pelagia. "Mnasitiriana, halafu mwezi wa sita huyu hapa ndiye anayekaa uchi." Akamwonyesha Leokadi kwa kidevu.

Mkaguzi alikaa juu ya gogo la kuni, soksi moja vumbini, akafungua daftari. Alifuta, akaandika upya, na Leokadi akasoma kwa sauti: hakuna mwalimu wa hesabu kwa miaka miwili, nyumba ya mwalimu inavuja, madawati yako nyuma ya choo.

"Haya, kiatu," mkaguzi akanyoosha mkono.

"Karatasi nimeiona. Mwalimu sijamwona."

Hakuinuka pale kwenye kifuniko. Mkaguzi aliondoka jioni hiyo amevaa kiatu kimoja cheusi na ndala moja ya kijani ya Bwana Zerbo, akiimba matusi ya utani mpaka ngurumo ya pikipiki ilipoyameza.

Wiki ile Mama Pelagia aliwakusanya kina mama, wakabeba nyasi na udongo, wakaziba paa la nyumba ya mwalimu. Kiatu alikipaka mafuta ya shea kila Jumapili baada ya misa, kisikauke.

Siku ya kumi na tisa alishuka msichana mmoja kutoka kwenye lori la vitunguu, na sanduku na boksi la chaki.

"Namtafuta Mama Pelagia," alisema. "Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimeagizwa nisikanyage darasani kabla sijapata kiatu. Mkaguzi ofisini sasa anaitwa Bwana Ndala. Kila akiingia kwa wakubwa wanacheka, na kila wakicheka anawawekea ripoti ya shule yenu mezani. Wakaona bora waitie sahihi wapumue."

Mama Pelagia alimwita Leokadi, akampa mkaa. Mtoto akaandika ukutani ile hesabu ya tisa. Mwalimu alichuchumaa, hakumpa jibu. Alimuuliza swali moja, kisha la pili. Leokadi akakunja uso, akafuta, akaandika.

"Nne!" alipiga kelele. "Bibi, ni nne! Tisa inaondoka kwanza!"

Mama Pelagia hakujua kama ni nne au kumi. Aliutazama uso wa mjukuu wake, ukamtosha. Akaenda chunguni, akatoa kiatu, kinang'aa kuliko siku kilipokamatwa.

"Asante, mwanangu. Sijakuuliza hata jina."

"Nikiema."

Mmosi mwingine. Mama Pelagia aliinua macho mbinguni, akayateremsha polepole, yakatua kwenye miguu ya mwalimu. Viatu vya ngozi, vipya, kamba nyekundu.

"Karibu mkekani, binti yangu," alisema kwa upole mkubwa. "Vua viatu upumzike."

"Mama!" ilisikika sauti ya Mkuu kutoka ofisini.