Tumekosea

Shangazi ana chumba cha ushonaji chenye vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia na dirisha linalotazama barabara. Nilipomaliza chuo nikakosa kazi, alinikabidhi mkasi wake wa pili, akasema, "Njoo ukae na sisi." Mimi ni mtu wa aibu. Mteja akiniuliza jina, naitajia sakafu.

Jumatano ile nilikata gauni la Mwalimu. Amestaafu, lakini bado sote tunamwita hivyo. Kitambaa chake cha zambarau aliachiwa na marehemu dada yake, na Jumamosi alitaka kukivaa kwenye harusi ya binti yake. Nilikata taratibu, mstari umenyooka, kisha nikachukua tepu kuhakikisha. Tepu ilionyesha arobaini, na nyonga za Mwalimu ni inchi arobaini na sita. Ile sita niliyoiandika harakaharaka nilikuwa nimeisoma sifuri.

"Msomi wetu!" alicheka mpiga pasi wetu, ambaye jina lake tumelisahau, tunamwita Pasi tu. "Chuo kizima, na sita hamjuani?" Kisha akaona uso wangu, akarudi kwenye pasi yake.

Shangazi alirudi kutoka kununua uzi, nikamwonyesha. Akapima. Akapima tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Kunywa maji, mwanangu," alisema. "Mwalimu anakuja saa kumi."

Mafundi tunajulikana: kitambaa hakikutosha, umeme ulikatika, njoo kesho. Shangazi angeweza kuchagua lolote kati ya hayo. Au angeweza kuninyooshea kidole tu, na asingekuwa amesema uongo.

Mwalimu alipofika, Shangazi alimvutia kiti. "Mwalimu, tumekosea. Nyonga tumezikata pungufu kwa inchi sita."

Tumekosea! Na yeye hata hakuwepo.

Mwalimu hakukaa. "Unajua kitambaa hiki kimetoka kwa nani? Nitakipata wapi kingine?"

"Najua, dada yangu. Ndiyo maana sitaki kukudanganya."

"Nani alikata?"

"Kimekatwa hapa kwangu."

Nikasikia mtu anasema, "Ni mimi, Mwalimu. Niliisoma sita nikadhani sifuri. Nisamehe." Kumbe mtu huyo ni mimi.

Mwalimu alinitazama kama anayesahihisha daftari. "Miaka thelathini watoto wamenitesa kwa sita zao," alisema mwishowe, bila kutabasamu. "Ijumaa jioni nikija nitakuta nini?"

"Gauni," alijibu Shangazi.

Alipoondoka, Shangazi aliingia ndani, akatoka na gauni lake jipya la kanisani, la zambarau iliyokoza, ambalo hakuwahi kulivaa hata mara moja. Akaanza kulifumua.

"Shangazi, hilo ni lako!"

"Rangi zinaelewana," alisema, pini zikiwa mdomoni. "Shika hapa."

Tuliingiza vipande viwili, kimoja kila ubavu, toka kwapani hadi kwenye pindo. Ijumaa Mwalimu alijigeuza mbele ya kioo mara tatu. "Dada angependa hivi vya pembeni," alisema, akafuta macho kwa kiganja. Kisha akanigeukia. "Na wewe, ile sita irefushe mkia, isifanane na sifuri."

Jumapili Shangazi alivaa gauni lake la zamani, akaimba kuliko wote, na kama kawaida, nje ya tuni.

Nilipokuwa mdogo nilidhani Mungu ana sauti ya radi. Siku hizi nikisali, sauti ninayoisikia ni ya mwanamke anayevuta kiti na kusema "tumekosea" kwa kosa ambalo si lake.

Wiki iliyofuata Pasi aliunguza kola ya shati la mteja. Alisimama ameishika, jasho linamtiririka, utani wote umemwisha. Mlango ukafunguka, mwenye shati akaingia. Shangazi hakuwepo.

Nilivuta kiti.

"Karibu ukae, kaka," nilisema, nikimtazama machoni. "Tumeunguza kola yako."