Utando wa Pipa la Fabien

Kizibo cha pipa la Fabien kilikuwa kimelowa.

Nilikigusa tena, maana asubuhi ya baridi kidole humdanganya mtu. Kilikuwa kimelowa kweli. Na kizibo cha pipa la divai ya njano hakilowi. Hukaa juu, mbali na divai, kwa miaka sita na ushee, na kila mwaka divai hushuka kidogo chini yake bila mtu kuthubutu kuongeza hata tone. Wenzetu wa mikoa mingine ya Ufaransa hutucheka sisi watu wa Jura kwamba tunayaacha mapipa yajinywee yenyewe. Wacha wacheke. Pipa likijinywea, juu ya divai hutanda utando wa kijivu, wenye mikunjo kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakasahauliwa. Chini ya utando huo divai hugeuka rangi ya dhahabu, ikaanza kunukia jozi na bizari. Ukiuvunja utando, umeivunja divai.

Niliwasha tochi, nikakizungusha kizibo taratibu, nikachungulia. Divai ilikuwa imefika mdomoni mwa pipa. Ilinitazama, nyepesi, inameremeta kama jicho. Vipande vichache vya utando vilielea pembeni kama majivu ya karatasi.

Kwenye uso wa pipa, chaki ya kaka yangu ilikuwa bado inasomeka: FABIEN.

Kwetu kila pipa la njano lina mwenyewe. Aliyelijaza huandika jina lake, na yeye ndiye atakayelifungua. Akifa kabla ya siku, mzazi wake hulifungua. Fabien alilijaza lake vuli ile aliyomfukuza mnunuzi mkubwa wa mjini aliyekuwa akija kila mwaka na malori yake. Alimwambia mbele yetu sote kwamba zabibu za nyumba hii hazitatoka tena uani zikiwa zabibu. Zitatoka ndani ya chupa, na kwenye chupa kutakuwa na jina letu. Baba alijifanya amekasirika, kisha nikamwona nyuma ya banda anacheka peke yake.

Majira ya kuchipua yaliyofuata, trekta lilimlalia Fabien kwenye shamba la juu, lile la mteremko mkali.

Tangu siku hiyo mama hakushuka ghalani. Mama huyu, Huguette, ambaye majirani walikuwa wakija kuiazima pua yake kabla ya kuamua lolote kuhusu mapipa yao. Wakati mmoja padri alimletea divai ya misa aonje, akamwambia hiyo hata Yesu asingeigusa. Kanuni yake ilikuwa moja: mbele ya glasi hakuna mume wala mwana. Uongo mwingine wote aliusamehe, lakini si wa kwenye glasi. Basi mama huyo alisimama juu ya ngazi za ghala baada ya mazishi, akasema, "Nitashuka siku ya pipa la mwanangu. Kabla ya hapo msiniite."

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili ijayo. Kuku alikuwa ameshachaguliwa. Glasi ya Fabien ilikuwa imeshatolewa kabatini, imeng'arishwa, imefunikwa kitambaa.

Nilipanda juu kumtafuta baba.

Alikuwa kwenye banda la zana, anasuuza kopo la bati lenye mdomo mrefu, lile ambalo hatujalitumia tangu utoto wangu. Alikuwa akilisuuza kwa upendo, kama anaogesha mtoto.

"Baba, umeshika mapipa?"

"Nimejaza lile la dirishani, bibi," alisema. "Lilikuwa linalia utupu. Ukiligonga, linaitika kama ngoma. Kila Jumatatu nalijaza na kila Jumatatu limepungua tena. Mwambie tajiri asinikate mshahara, kosa si langu."

Nikaelewa.

Kabla hajamwoa mama, baba alikuwa kibarua mkoani Burgundy kwa majira ya baridi kadhaa. Kule pipa lisilojaa ni aibu. Hewa ikiingia divai inachacha, na kila Jumatatu vibarua hupita na kopo la mdomo mrefu wakijazia kila pipa mpaka kizibo kilowe. Kazi njema kabisa, kule. Daktari alikuwa ametuambia kwamba katika ugonjwa huu wa baba wa kusahau, ya jana ndiyo hutangulia kuondoka na ya ujana hubaki mwisho. Hakutuambia kwamba ya ujana hurudi na kopo mkononi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikimwacha ashuke ghalani. Juu alitangatanga akiuliza nyumba ya nani hii. Chini alitulia.

"Umejazia nini, baba?"

"Divai changa ya kwenye tangi. Ya mwaka huu. Nzuri, nimeionja." Akanisogelea, akashusha sauti. "Lakini bibi, huyo Fabien mliyemwajiri ni mvivu. Ameandika jina kubwa hivi, halafu pipa anaacha linakauka. Nikimkuta nitamvuta masikio."

Akacheka. Meno yake yalikuwa ya Fabien.

Pipa la Fabien lilikaa karibu na dirisha, penye upepo, ndiyo maana lilipungua kuliko mengine na ndiyo maana lililia. Pipa la baba mwenyewe, la mwaka uleule, lilikuwa kona ya ndani nyuma ya masanduku ya chupa. Hakuweza kulifikia. Lilikuwa zima.

Kwamba lilikuwa zima, alilisema Gaspard, jirani yetu, aliyekuwa rafiki wa Fabien tangu darasa la kwanza na ambaye ana mapipa yake mwenyewe ng'ambo ya barabara. Nilimwita, akashuka, akachungulia. Akavua kofia yake kama yuko kanisani.

"Imekwisha," alisema. "Humu sasa zaidi ya theluthi ni maji ya juzi."

"Usiyaite maji. Ni divai yangu."

"Ni divai yako, dada, na ni nzuri, ila mahali si pake." Akajikuna shingo. "Sikiliza. Mama yako anataka nini? Anataka kuonja kitu cha Fabien. Shamba ni lilelile. Mwaka ni uleule. Fabien ndiye aliyezichuma hata zabibu za pipa la mzee. Teka huko konani, weka kwenye jagi, mpe."

"Gaspard, unamfahamu mama yangu?"

"Namfahamu. Divai yangu aliiita supu mbele ya mchumba wangu."

"Ilikuwa supu."

"Ilikuwa supu," alikubali. "Lakini mama amekaa miaka yote hii bila kuonja pipa. Pua nayo huzeeka, Noémie. Mpe mwanawe. Utamwambia ukweli ili iweje? Ili amchukie mzee?"

Hapo aliponigusa ndipo palipokuwa panauma. Baba alikuwa amebakiwa na mtu mmoja duniani ambaye hakuwahi kumsahau jina, naye ni mama. Usiku humwita na yeye huitika. Je, ataitika akijua?

Jumapili mama alishuka. Alivaa koti lake jeusi la kanisani na viatu vya shambani, akashika ukuta kwa mkono mmoja na glasi ya Fabien kwa mkono mwingine. Alipofika ngazi ya mwisho alisimama, akavuta hewa ya ghala, akafumba macho. Sikumharakisha. Baba alikuja nyuma yake na kopo lake, maana siku hizo alikuwa halali nalo mbali.

Jagi lilikuwa tayari juu ya meza ndogo.

"Umeshateka?" mama aliuliza. "Mzazi ndiye anayefungua."

"Kuna baridi, mama. Sikutaka usimame sana."

Akanyoosha glasi. Nilimmiminia. Ilikuwa ya dhahabu, nzito, ikapanda kuta za glasi na kushuka polepole. Harufu ya jozi ilijaa mahali pote. Aliinusa mara moja tu, akairudisha mezani bila kuonja.

"Noémie, hili ni pipa la baba yako."

"Mama, ni mwaka uleule, na shamba..."

"Nimelala na harufu hii miaka arobaini. Mume wangu hutanifundisha wewe." Sauti yake haikupanda. "Nipe la mwanangu."

Niliimwaga ile, nikaisuuza glasi, nikaenda dirishani. Nikateka, divai ikanichirizika mpaka kwenye kiwiko. Nilimpa glasi huku natazama sakafu.

Mama aliinua glasi kwenye mwanga wa dirisha. Rangi ilikuwa imepauka. Alinusa, akanusa tena, akaonja. Nami nilikuwa nimeshaionja Alhamisi, nilijua anakutana na nini: tufaha bichi, chachu, uchangamfu wa divai isiyo na habari na mtu. Na kwa mbali, chini kabisa, jozi. Kwa mbali kama mtu anayezungumza chumba cha pili, unasikia kwamba ni yeye lakini maneno huyapati.

Alikaa na kile kidogo mdomoni muda mrefu. Sisi huonja na kutema. Mama alimeza.

Kisha akatazama kizibo kilicholowa. Akafuata kwa macho michirizi kwenye mbao za pipa, akafika sakafuni, akafika kwenye kopo la mdomo mrefu, akapanda nalo mpaka kwenye mkono uliolishika. Nikaona anaelewa. Ulikuwa uso wa mtu anayezika mara ya pili, na safari hii mchimba kaburi ni mumewe, amesimama mbele yake anasubiri sifa.

"Inafaa, mama?" baba alimuuliza. Alikuwa amevua kofia. Saa ile hakumtambua hata yeye: alikuwa kibarua wa miaka ishirini mbele ya mke wa tajiri, anahofia kazi yake.

Nilingoja. Mbele ya glasi hakuna mume.

"Inafaa sana," alisema mama. "Umejaza vizuri."

Baba aliachia pumzi. "Nilimwambia huyu binti. Kila Jumatatu mimi nipo hapa. Huyo Fabien ndiye hajali kazi. Kijana wa namna gani huyo?"

"Bado anajifunza," mama alisema.

"Basi aje Jumatatu, nimwoneshe. Kazi hii haina siri. Ni kuwahi tu."

"Nitamwambia."

"Mwambie asichelewe."

"Nitamwambia asichelewe."

Baba akavaa kofia, akapanda ngazi akipiga mluzi, ameridhika. Tukasikia miguu yake juu ya vichwa vyetu, halafu kiti kikavutwa. Kuku alikuwa ananukia mpaka kule chini.

Mama akakaa kwenye kigoda cha Fabien. Nikapiga magoti mbele yake, nikamwambia yote kwa mkupuo, pamoja na ushauri wa Gaspard. Nikamwambia leo hii naweka kufuli ghalani, na kopo lile nalitupa mtoni.

"Hutupi," alisema.

"Mama, kila akijaza, Fabien anapungua humo ndani. Ikifika vuli hatutakuwa na lolote lake."

"Najua. Nimeonja." Alikuwa ameishikilia glasi kifuani kwa mikono miwili. "Mimi namlilia. Wewe humtaji, unadhani sioni, ukifika kwenye jina lake unaliruka kama dimbwi. Watu wa kanisani wanamsifu, hata wale aliowatukana. Ni nani bado anamwita mvivu?"

Nikainua macho darini, alikokuwa baba.

"Maiti hagombezwi, Noémie. Baba yako ndiye pekee katika nyumba hii ambaye kwake mwanangu bado anaweza kuchelewa kazini Jumatatu."

Akainua glasi, akainywa ile divai iliyoharibika mpaka tone la mwisho, kama mtu anayemaliza dawa. Akaisuuza mwenyewe kwenye ndoo. Akaniomba chaki. Pale michirizi ilipokuwa imelififisha jina, akaliandika upya, kwa herufi zake za shule, polepole. Kisha akaweka kiganja kwenye ubao wa pipa na kukaa hivyo mpaka nikahisi kwamba mimi hapo ni wa ziada. Nikapanda kumkatakata kuku.

Alipokuja mezani macho yake yalikuwa mekundu na alikula kila alichowekewa. Hakushuka tena ghalani baada ya siku hiyo, wala hakutoa sababu, wala sikuuliza.

Jumatatu asubuhi nilikuwa jikoni naye tunamenya viazi. Redio ilikuwa inasema habari za barafu kwenye mizabibu ya bondeni, jambo ambalo wiki nyingine angelisikiliza bila kupepesa. Chini ya sakafu mlango wa ghala ulifunguliwa. Tukasikia vifundo vya vidole vya baba vikigonga mbao: pipa moja, pipa la pili, kisha lile la dirishani. Akaguna. Akaanza kusema, na sauti yake ikapanda kupitia nyufa za mbao, kali, ya mtu mwenye haki yake.

"Fabien! We kijana, uko wapi?"

Mama alinyoosha mkono wenye maganda ya viazi, akazima redio.